Mbwa Mkubwa wa Kulinda Mifugo: Uchukue Dume au Jike?

Kipeperushi kwa kaya za wafugaji wa mbuzi, kondoo na ng'ombe



Swali hili tunaulizwa karibu kila boma tunalofika kuchanja mbwa: "Mtaalamu, nataka mbwa mkubwa wa kulinda mbuzi. Nichukue dume au jike?" Mara nyingi anayeuliza ameshaamua kuchukua dume, anataka tu kuambiwa kwamba ameamua vizuri. Watoto wa mbwa wakizaliwa, madume hugombaniwa na majike hubaki bila mtu wa kuwachukua. Wengine hutupwa porini kabla hawajafumbua macho. Sababu inayotolewa ni kwamba dume ndiye mlinzi na jike ni mzigo.

Jibu letu ni hili: jike analinda sawa na dume. Kinachowatofautisha kwa kiasi kikubwa ni uzazi. Mbwa ambaye uzazi wake haujadhibitiwa, awe dume au jike, ipo siku ataacha mifugo yako, na siku hiyo inaweza kuwa ndiyo siku ya fisi. Kwa hiyo kabla hujachagua dume au jike, amua kwanza utafanya nini kuhusu uzazi wake.

Kipeperushi hiki kisomwe na familia nzima. Mwenye boma ndiye anayemleta mbwa, lakini mara nyingi mama ndiye anayemlisha na vijana ndio wanaokwenda naye malishoni. Wote wawe na sauti katika uamuzi huu.

MBWA TUNAYEMZUNGUMZIA

Hapa hatuzungumzii mbwa wa kuwinda wala mbwa wa kubweka mlangoni. Tunazungumzia mbwa anayelelewa ndani ya mifugo tangu mdogo, anayelala nayo zizini na kutoka nayo asubuhi. Kazi yake si kuswaga mbuzi. Kazi yake ni kukaa kati yao, kunusa, kusikiliza, kubweka na kusimama mbele ya mnyama mkali anapokaribia.

Mbwa wakubwa wanaojulikana sana kwa kazi hii ni wale wa Anatolia, nchini Uturuki, ambako wachungaji wa kondoo wamewatumia kwa vizazi vingi dhidi ya mbwa mwitu. Aina mojawapo huitwa Kangal. Dume mkubwa huwa na uzito wa kati ya kilo 50 na 65, na jike kati ya kilo 40 na 55. Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia tangu mwaka 1994 ili walinde mbuzi na kondoo, na mfugaji asilazimike kuua duma. Hapa Tanzania mbwa wa Anatolia wamejaribiwa pia katika maboma yaliyo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Usidhani lazima upate mbwa kutoka mbali. Mbwa wetu wa kienyeji mwenye umbo kubwa, au chotara, anaweza kufanya kazi hii akilelewa vizuri. Anakula kidogo na amezoea jua na kupe wa kwetu. Mbwa wa kilo 50 anahitaji chakula karibu mara mbili ya mbwa wa kilo 20. Kama unga wa watu wenyewe ni wa kuhesabu vikombe, fikiria jambo hilo kabla ya kutamani ukubwa.

Mbwa, hata awe mkubwa kiasi gani, si badala ya zizi imara. Hawezi kumshinda simba, na fisi wakiwa wengi watamzidi nguvu. Anachokupa ni taarifa mapema na muda wa wewe kutoka na tochi. Mnyama mkali naye akisikia mbwa, mara nyingi huenda kutafuta mahali pengine palipo rahisi.

YANAYOSEMWA NA UKWELI WAKE

"Dume ni mkali zaidi." Dume ni mzito zaidi na huweka alama kwa mkojo kwenye mipaka ya eneo lake. Lakini kulinda mifugo hakutokani na ukali. Mbwa hulinda kwa sababu anaona mbuzi ni wenzake. Jike aliyelelewa na mbuzi huwatetea kama dume anavyowatetea. Tofauti kati ya mbwa mmoja na mwingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya dume na jike. Utakuta dume mwoga na jike asiyerudi nyuma, na utakuta kinyume chake pia.

"Jike anakaa karibu na mifugo, dume anazurura." Hii ina ukweli kiasi, hasa kwa dume ambaye hajahasiwa. Anazurura kutafuta majike. Ukimhasi, sababu kubwa ya kuzurura inaondoka.

"Jike anachelewa kuwa mlinzi kwa sababu ya kuzaa." Kwa kawaida jike hutulia na kukomaa mapema kidogo kuliko dume. Ila mbwa wakubwa wote huchelewa kukomaa. Usitegemee ulinzi kamili kabla ya miezi 18 hadi 24, awe dume au jike. Anayekuuzia mbwa wa miezi 6 na kukuambia ni mlinzi tayari, anakuuzia maneno.

"Ukimhasi dume anakuwa mpole, halindi tena." Hili tujibu kwa mfano unaoujua. Maksai anavuta jembe wala hana korodani. Anavuta kwa sababu ana nguvu na amefundishwa. Mbwa naye halindi kwa korodani. Analinda kwa malezi. Dume aliyehasiwa bado anabweka, bado anasimama, na kubwa zaidi ni kwamba bado yupo zizini.

HESABU YA JIKE ASIYEONDOLEWA KIZAZI

Jike hupata joto kila baada ya miezi 6 hadi 8. Majike wa mbwa wakubwa wengine hukaa muda mrefu zaidi, na joto la kwanza linaweza kuchelewa hadi mwaka mmoja na nusu au zaidi. Utalijua kwa kuona sehemu ya siri imevimba na inatoa damu, na madume wa jirani wameanza kuzunguka boma. Joto huchukua takriban wiki 3. Mimba huchukua takriban siku 63, yaani wiki 9. Kisha ananyonyesha wiki 6 hadi 8.

Tuhesabu wiki ambazo mlinzi hayupo kazini katika uzazi mmoja:

- Wakati wa joto: wiki 3, kwa sababu anafuatwa na madume au umemfungia.
- Mwisho wa mimba: wiki 3, kwa sababu ni mzito na haendi malishoni.
- Kunyonyesha: wiki 8, kwa sababu analinda watoto wake na si mbuzi wako.

Jumla ni wiki 14. Akizaa mara mbili kwa mwaka, ni wiki 28 kati ya wiki 52. Zaidi ya nusu ya mwaka unalisha mlinzi asiyelinda. Tena wakati wa kunyonyesha anahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake. Jike mkubwa anaweza kuzaa watoto 6 hadi 10, na kila mmoja anahitaji chakula, dawa ya minyoo, chanjo na mtu wa kumchukua. Asiyepata mtu ndiye yule anayetupwa, au anayekua bila mwenyewe na siku moja akaanza kula mbuzi wa kijiji.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu hiyo. Jike akiwa kwenye joto huvuta madume kutoka maboma mengi. Wanapigana hapo hapo penye watoto wako na ndama wako. Akiwemo mmoja mwenye kichaa cha mbwa, ugonjwa umeingia bomani kwako bila wewe kwenda popote. Pia kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wanapopandana. Unatoa damu kila siku na matibabu yake ni ya wiki kadhaa.

HESABU YA DUME ASIYEHASIWA

Wengi huishia kwenye hesabu ya jike, wakaona dume ni nafuu kwa kuwa hazai. Tufanye hesabu yake pia.

Dume hana majira. Yuko tayari mwaka mzima. Tuseme kitongoji chenu kina majike 6 ambao hawajaondolewa kizazi, na kila mmoja anapata joto mara mbili kwa mwaka. Hivyo ni vipindi 12. Katika kila kipindi kuna takriban wiki moja ambayo jike anakubali dume. Ikiwa dume wako ataondoka siku hizo, amekosekana wiki 12, na wewe hukupanga hata moja. Jike ukimwona ana dalili, unajua. Dume unajua pale tu unapoamka na kukuta zizi halina mbwa.

Akirudi, anarudi na majeraha ya kung'atwa, kupe na pengine ugonjwa. Wengine hawarudi. Wamegongwa barabarani, wamenaswa kwenye mitego ya nyaya, au wamepigwa kwenye boma la watu.

Kwa hiyo ukilinganisha jike asiyeondolewa kizazi na dume asiyehasiwa, tofauti ni kwamba hasara ya jike inaonekana bomani na hasara ya dume inatokea usipoiona.

KUHASI NA KUONDOA KIZAZI

Dume huhasiwa kwa kuondolewa korodani. Jike huondolewa kizazi kwa kupasuliwa tumboni. Kazi zote mbili hufanywa na daktari wa mifugo, mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Sisi maafisa ugani wenye astashahada tunachanja, tunatoa dawa za minyoo na tunakusaidia kupanga, lakini upasuaji huu si wetu. Mtu yeyote atakayekuambia atamfanyia jike upasuaji bila dawa ya usingizi, mkatae.

Zingatia haya:

1. Koleo la kuhasia mafahali (burdizo) si la mbwa. Wala usifunge korodani za mbwa kwa mpira au kamba. Ni mateso, na nyama inayooza huleta usaha na pepopunda.

2. Umri wa kufanya upasuaji mpangie na daktari. Kwa mbwa wakubwa madaktari wengi hupenda kusubiri mifupa ikomae, mbwa awe na umri wa mwaka mmoja au zaidi. Wakati wa kusubiri, jike lazima alindwe anapopata joto.

3. Jike akiwa kwenye joto, kwa kawaida daktari atakuambia usubiri hadi joto lipite na miezi miwili au mitatu iongezeke, maana wakati wa joto damu hutoka nyingi zaidi.

4. Baada ya upasuaji, mbwa akae mahali pasafi na pakavu kwa siku 10 hadi 14. Asiende malishoni, asikimbie, na asilambe kidonda. Nzi wakitua, kidonda kitaingia funza.

5. Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kutia mimba kwa wiki chache. Mtenge na majike kwa takriban mwezi mmoja.

6. Usimchome jike sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama. Tumekuta watu wanafanya hivyo kwa nia njema ya kuepuka gharama. Dawa hizo zinaweza kumletea jike usaha kwenye kizazi na uvimbe kwenye matiti. Usaha huo humuua mbwa.

Gharama ya upasuaji inaumiza mfukoni kwa siku moja. Waulizeni madaktari kama wanaweza kuja siku moja kuhudumia mbwa wa maboma kadhaa. Safari ya daktari ikigawanywa kwa watu 10, kila mmoja analipa kidogo.

CHAGUA KULINGANA NA BOMA LAKO

Boma ambalo daktari wa mifugo anafikika na mmekubali kulipia upasuaji. Chukua yeyote, dume au jike. Angalia tabia ya mtoto na ya wazazi wake, usiangalie jinsia. Kama chakula ni cha kubana, jike ana unafuu kidogo kwa kuwa ni mwepesi.

Boma lisilo na njia ya kumfikia daktari kwa sasa, lenye majike wengi jirani. Dume atakusumbua kwa kutoroka. Jike anawezekana kama tu una banda lenye paa na mlango wa kufunga. Ua wa miiba hautoshi. Madume huupenya, na jike mwenyewe hutoka. Mfungie tangu siku unapoona damu ya kwanza hadi siku ya 25. Siku zake za kukubali dume mara nyingi ni kati ya siku ya 9 na ya 14, lakini majike hawafanani, kwa hiyo usihesabu siku tano tu ukaridhika. Andika tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Boma lisilo na daktari wala banda. Usichukue mbwa mkubwa sasa. Anza na kuimarisha zizi. Utatumia fedha kidogo kuliko kulisha mbwa anayekukimbia.

Boma ambalo tayari lina mbwa mmoja mzuri. Chukua wa jinsia nyingine. Dume na jike hupatana kwa urahisi zaidi kuliko madume wawili. Majike wawili nao wakichukiana, ugomvi wao huwa mbaya na hauishi. Ila hakikisha wote wawili, au angalau mmoja wao, uzazi wake umedhibitiwa. La sivyo utarudi kwenye hesabu ya wiki 28.

Boma linalohama hama kufuata malisho. Mnapofika kambi mpya mnakutana na mbwa wengi wasiochanjwa. Kwa kaya ya namna hii, dume asiyehasiwa ana hatari kubwa kuliko wote, maana atatafuta majike katika nchi asiyoijua na hatajua njia ya kurudi. Chagua mbwa aliyehasiwa au aliyeondolewa kizazi, naye awe amechanjwa kabla ya safari.

Kijiji kinachotaka kizazi cha mbwa wazuri. Hapa jike ni hazina. Mwana huzaliwa na kulelewa na mama. Jike anayelala na mbuzi, akizalia karibu na zizi, watoto wake wanafumbua macho wakiwa tayari wananusa mbuzi. Kaa na majirani mkubaliane jike yupi azae na dume yupi ampande. Jike awe amefikisha miaka miwili na ameonyesha kazi yake. Mfungie na dume mliyemchagua peke yake. Jike akipandwa na madume watatu katika joto moja, watoto wa tumbo hilo wanaweza kuwa wa baba watatu. Andikeni mapema nani atachukua mtoto yupi. Baada ya kuzaa mara moja au mbili, aondolewe kizazi arudi kazini. Kijiji kinachotupa watoto majike kinatupa mama za walinzi wa kesho.

KUMCHAGUA MTOTO WA MBWA

Ukishajua kama unataka dume au jike, angalia haya:

- Wazazi wake wanaishi na mifugo? Waone kwa macho yako wakiwa kazini. Mama anayefukuza mbuzi, mwache na watoto wake.
- Ana umri wa wiki 8 hivi? Usimtoe mapema zaidi. Usimchelewesha pia, kwa sababu mbwa hujenga urafiki na mifugo hasa kabla ya kufikisha wiki 16.
- Piga makofi karibu naye. Mtoto mzuri hushtuka kisha huja kuangalia. Anayekimbia na kujificha asitoke, au anayeng'ang'ania kuuma kila kitu, muache.
- Macho, masikio na ngozi viwe safi, tumbo lisiwe kama ngoma. Tumbo kubwa kwa mtoto aliyekonda ni minyoo.

Ukimfikisha nyumbani, alale zizini kwenye kona aliyozungushiwa, pamoja na wana-mbuzi wachache wapole. Chakula apewe huko huko, siyo jikoni. Watoto wa nyumbani wamzoee, lakini wasimgeuze mchezo wa kutwa, maana atawapenda watu kuliko mbuzi na atabaki nyumbani mbuzi wakitoka. Usimtembeze umbali mrefu akiwa mdogo. Mbwa mkubwa hukua upesi na viungo vyake ni laini. Aanze na malisho ya karibu, aongeze kidogo kidogo.

Kati ya miezi 4 na 18, madume kwa majike hupitia ujana. Watakimbiza mbuzi, watavuta masikio na mikia. Huo ni mchezo, lakini mchezo wa mbwa wa kilo 30 unaua mwana-mbuzi. Mkemee papo hapo, na usimwache peke yake na wana-mbuzi wadogo wakati huo. Mkimwua au kumfukuza kwa kosa la ujana, mtakuwa mmelisha mwaka mzima bure.

YANAYOWAHUSU DUME NA JIKE SAWA

Kichaa cha mbwa. Mchanje kuanzia umri wa miezi 3, rudia baada ya mwaka mmoja, kisha fuata ratiba ya afisa mifugo wako. Mbwa mlinzi anakutana na mbweha na fisi, nao wanaweza kuwa na ugonjwa huu. Mtu yeyote akiumwa na mbwa, au mate ya mbwa yakigusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa. Watoto ndio huumwa zaidi, na mara nyingine huficha kwa kuogopa kuchapwa. Waambieni wasifiche.

Minyoo na ormilo. Wafugaji wa Kimasai mnaijua ormilo, ugonjwa wa kizunguzungu wa mbuzi na kondoo. Huletwa na tegu anayeishi tumboni mwa mbwa. Mbwa akila kichwa kibichi cha mbuzi mwenye ormilo, anapata tegu. Kisha kinyesi chake kinachafua majani na mbuzi wengine wanaambukizwa. Tegu mwingine wa mbwa humletea binadamu mifuko ya maji kwenye ini na mapafu. Kwa hiyo usimpe mbwa kichwa, mapafu wala maini mabichi. Chemsha vizuri au fukia kwenye shimo refu. Muulize afisa mifugo dawa ya tegu na ratiba yake, na watoto wanawe mikono baada ya kumshika mbwa.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Jike akiondolewa kizazi atanenepa na kuwa mvivu?
Anaweza kunenepa akilishwa kupita kiasi. Mbwa anayetembea na mbuzi kutwa nzima ni nadra kunenepa. Punguza chakula kidogo ukiona mbavu hazishikiki kwa vidole.

Jike wangu amepandwa kwa bahati mbaya. Nifanye nini?
Usimpe mitishamba wala vidonge vya watu. Nenda kwa daktari wa mifugo mapema akueleze njia zilizopo. Kama atazaa, anza sasa kutafuta watu wa kuchukua watoto, majike pia.

Nina mbuzi 40 tu. Nahitaji mbwa wawili?
Mmoja anatosha kuanzia, akiwa na zizi imara na mchungaji. Ongeza wa pili ukiona kundi limekua, au wanyama wakali ni wengi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Jike na dume wanalinda sawa. Malezi ndiyo yanayomfanya mlinzi.
- Jike asiyedhibitiwa anaweza kukosekana kazini zaidi ya nusu ya mwaka. Dume asiyedhibitiwa huondoka bila kuaga.
- Kuhasi na kuondoa kizazi hakuondoi ulinzi, na hufanywa na daktari wa mifugo tu.
- Mbwa wa pili awe wa jinsia nyingine.
- Usitupe watoto majike. Mtafutie kila mmoja mtu wa kumchukua, au zuia mimba mapema.
- Mbwa bila chanjo ni hatari kwa watoto wako kabla hajawa hatari kwa fisi.

Ukitaka msaada wa kupanga siku ya daktari kwa maboma yenu, muone afisa mifugo wa kata yako. Njooni mkiwa na orodha ya mbwa, madume wangapi na majike wangapi, na tarehe ya joto la mwisho la kila jike. Orodha hiyo ikiwepo, kazi inakuwa imeanza.